Nilivyomshuku Kulwa kwa Kuuza Oili

Vijana, kabla hujashika spana, inama unuse tangi. Mwenye pikipiki usimsikilize kwanza. Atakuambia jana ilikuwa nzima, leo asubuhi imegoma tu yenyewe, na hakuna aliyeigusa. Mwache aseme, mwitikie, lakini pua yako iwe kwenye tangi. Petroli iliyotiwa mafuta ya taa inajulikana. Kama pua imeziba, mimina kidogo kiganjani usubiri. Petroli safi hukauka upesi na mkono ukabaki mkavu, ile nyingine huacha utelezi. Kwa kiganja hiki nimewaumbua wauza mafuta wa vichochoroni, na mmoja aliniapia kwa mama yake mzazi huku vidole vyangu vikiteleza mbele ya macho yake.

Nimefanya ufundi wa pikipiki hapa Mwanza zaidi ya miaka thelathini, sehemu kubwa pale Nyakato, na watu waliniita Hebu Nione. Ukiniambia umebadilisha plagi, nasema hebu nione. Ukiniambia spea ni orijino, hebu nione. Hata mke wangu akisema maharage yameiva, nilikuwa nafunua sufuria nikahakikishe, na alishanipiga mwiko mara moja kwa sababu hiyo. Jina lile sikulikataa. Niliona fundi asiyeshuku ni sawa na mlinzi aliyelala. Lakini kushuku kwangu huko huko kulikaribia kumfukuzisha kazi mtu asiye na kosa, baba wa watoto watano, na karatasi ya kumfukuza niliiandika mimi kwa mkono wangu. Hilo ndilo ninalotaka mlijue, ila kwanza lazima niwaeleze kabureta, la sivyo mtasema mzee anapayuka.

Pikipiki mnazoendesha nyinyi zina oili yake chini, peke yake. Zetu, zile ndefu za porini zenye matairi ya meno, zilikuwa tu-stroki. Oili unaichanganya na petroli ndani ya tangi, vinaingia pamoja kwenye injini, vinaungua pamoja. Ukisahau oili, pistoni inanata kwenye silinda, tairi la nyuma linajifunga, nawe unajikuta umekaa kwenye lami. Sisi tulisema injini imekamata.

Sasa ndani ya kabureta, pale petroli inapochanganyika na hewa, kuna kijiskrubu cha shaba kinaitwa jeti. Kina tundu katikati, na petroli hupita humo. Kichwani kimegongwa namba: namba kubwa, tundu kubwa, mafuta mengi. Mafuta yakizidi, pikipiki inatoa moshi na inakohoa kama mzee wa kiko. Yakipungua, injini inakula hewa, inapata moto, na mwisho inakamata vile vile, hata kama oili umeweka. Shikeni hapo. Injini inaweza kukamata kwa kukosa oili, na inaweza kukamata kwa jeti ndogo, na dereva aliyeanguka hawezi kukuambia ni ipi kati ya hizo.

Aliyenifundisha ni Mzee Selemani, fundi mkuu katika karakana ya shirika la umma nilikoanzia kazi. Alikuwa mtu wa Ujiji, mfupi, mwenye maneno machache na kofia isiyochafuka, sijui aliwezaje. Kupima jeti alinifundisha hivi: weka plagi mpya, nenda barabara iliyonyooka, vuta mafuta yote mpaka mwisho, kisha zima ghafla huku umebana klachi, simama, fungua plagi uisome papo hapo. Ikiwa rangi ya kahawia, umepatia. Nyeusi na mbichi, mafuta yamezidi. Nyeupe, mafuta hayatoshi, rudi nyumbani polepole ukiomba Mungu. Mara yangu ya kwanza nilifanya yote hayo vizuri, ila sikufungua plagi barabarani. Niliona haya kuchuchumaa mbele za watu, nikaiwasha tena nikarudi nayo taratibu hadi karakana. Mzee Selemani aliigeuza plagi mara moja tu.

"Hii umeniletea habari za getini," akasema. "Mimi nilitaka za barabarani."

Jambo jingine alilonifundisha nilikataa kuliamini kwa miaka miwili. Alisema ukiona injini inapata moto, usiongeze oili ukidhani unaiokoa. Tundu la jeti ni lile lile. Oili ikizidi, petroli inayopita hapo imepungua, na moto unazidi. Nilidhani anatania. Nyinyi pia mtadhani anatania, najua, nami siwezi kuwalazimisha.

Miaka ile ya uhaba, kabla biashara haijafunguliwa, jeti ilikuwa haipatikani. Unaagiza stoo, stoo wanaagiza Dar, Dar wanakaa kimya. Kwa hiyo tulijitengenezea. Ukitaka jeti ndogo nawe unayo kubwa, unaziba tundu lake kwa risasi ya kuchomelea, kisha unachomoa uzi mmoja wa waya wa klachi, unautumia kulitoboa upya. Uzi mwembamba, tundu dogo. Nilikuwa hodari wa kazi hiyo kuliko wenzangu wote, na nilijisifu nayo. Namba ya kichwani ilibaki ile ya kiwandani, kwa sababu hatukuwa na vyuma vya kugonga nyingine. Tulikumbuka kwa kichwa ipi ni ipi. Zangu, nilizozitoboa na zile nzima za kiwandani, nilizihifadhi pamoja kwenye kopo la rangi ya viatu.

Kisha mambo yakafunguliwa. Shirika letu likauzwa, tukapewa barua na mkono wa kwaheri. Mzee Selemani akarudi kwao Ujiji. Mimi kwenye mnada nikapata pikipiki moja ya shirika, tu-stroki ya porini, chakavu lakini ya kuaminika, nikapanga banda Nyakato nikaanza kujitegemea. Na pale Nyamagana, maduka yakajaa spea mpaka zikamwagika barazani. Plagi, ringi, pistoni, kila kitu kinang'aa, na kila muuzaji anakuambia orijino. Nilinunua ringi zikakatika mkononi kabla sijazivalisha kwenye pistoni. Nilinunua plagi iliyotoka Nyakato ikafia Buzuruga, hapo jirani tu. Nilichukua jeti mbili mpya zenye namba moja, nikazielekeza juani, matundu yalikuwa tofauti hata kwa jicho la kengeza. Siku ile nikaapa kwamba jeti za dukani haziingii kwenye kazi yangu. Ninazo za kwangu, za kiwandani, za enzi za ukweli.

Kulwa alikuwa dereva wa pikipiki wa mradi mmoja wa chanjo za mifugo, ulionipa kazi ya kutengeneza pikipiki zake. Alibeba sanduku la dawa lenye barafu kuwapelekea maofisa wa Magu, Misungwi, na wakati mwingine kuvuka na kivuko hadi Nansio. Alikuwa mrefu, mkimya, na alikuwa na tabia moja: ukimuuliza jambo gumu anashika sikio lake na kulisugua. Mradi ulimpa oili ya tu-stroki kwa dumu. Sasa mjue kwamba mashine za mitumbwi pale Mwaloni nazo zilikuwa tu-stroki, na wavuvi walikuwa wakitafuta oili hiyo kama dawa. Mtu mwenye dumu la bure na soko la karibu, mimi nilikuwa nimeshamhukumu kabla hajashuka kwenye pikipiki.

Mradi uliletewa pikipiki mpya kutoka Dar, ya aina ile ile niliyoipata mnadani. Ilikuwa inatoa moshi. Hilo ni la kawaida. Huku kwetu tuko juu kuliko pwani, hewa ni nyepesi kidogo, na kabureta iliyopangwa Dar inakuja kutapika mafuta hapa. Inataka jeti ndogo kiasi. Nikafungua kopo langu, nikatafuta namba niliyoitaka, nikaipata, nikaifunga. Moshi ukaisha. Plagi sikuisoma barabarani, mvua ilikuwa inanyesha, na jeti yenyewe ilikuwa ya kwangu. Nikampa Kulwa ufunguo.

Baada ya wiki injini ikakamata karibu na Kisesa. Nikasafisha silinda, nikaweka pistoni nyingine, nikamtazama Kulwa kwa jicho la pembeni. Alisema oili aliweka. Nikamwambia sawa. Wiki mbili mbele ikakamata tena, safari hii akiwa anakwenda Magu na sanduku limejaa. Alikaa barabarani mchana kutwa akingoja lifti. Barafu ikayeyuka, dawa yote ikaharibika, na ng'ombe wa kijiji kizima walikuwa wameshakusanywa wanasubiri.

Mkuu wa mradi alikuwa mama mmoja, Daktari Bwire, Mjita, mtu wa haki lakini asiyebembeleza. Alikuja bandani mwenyewe.

"Fundi, nataka neno moja kwa maandishi. Injini imekufa kwa kukosa oili au la? Kama ni oili, Jumatatu Kulwa anapewa barua yake aende."

Niliifungua injini ile Alhamisi, Kulwa akiwa amesimama mbele yangu. Na hapa ndipo nataka mniangalie vizuri. Chini, kwenye kranki, nilikuta oili imetuama, ya kutosha. Injini iliyokosa oili haiwi hivyo. Unajua nilijiambia nini? Nilijiambia ameimimina baada ya injini kufa, ili anifumbe macho. Pistoni juu ilikuwa nyeupe, rangi ya majivu. Nikasema huyu tena kanunua petroli yenye mafuta ya taa. Kila kitu kilichomtetea nilikigeuza kuwa ujanja wake.

"Kulwa, oili ya mradi unampelekea nani pale Mwaloni?"

Akashika sikio. "Simpelekei mtu, fundi."

"Hebu nione mikono."

Akanipa mikono yake yote miwili. Niliinusa. Ilikuwa inanuka oili ya tu-stroki.

"Unaona?" nikamwambia.

"Si nachanganya mwenyewe, fundi? Na tangu ile ya kwanza nimekuwa naongeza. Kila nikijaza tangi, natia kifuniko kimoja zaidi."

Nikacheka moyoni. Nikasema mwongo siku zote anazidisha. Yale ya Mzee Selemani kuhusu oili inayozidi yalikuwa kichwani mwangu, nimeyahifadhi vizuri kabisa, na hayakunijia. Nikachukua karatasi nikaandika: injini imekufa kwa kukosa oili. Nikatia sahihi. Kulwa alichukua kofia yake ngumu akaenda kwa miguu.

Jumamosi nilianza kuirudishia ile injini. Nikasafisha kabureta kwa petroli, nikapuliza jeti, nikaielekeza kwenye mwanga wa mlangoni kuona kama kuna taka. Kandokando ya tundu niliona duara la kijivu ndani ya shaba. Nikaisogeza karibu na jicho. Ilikuwa risasi. Niliujua mchomeleo ule kama mtu anavyoujua mwandiko wake. Ilikuwa jeti niliyoiziba mimi mwenyewe miaka ya uhaba kwa ajili ya pikipiki ndogo ya mwalimu mmoja wa Misungwi. Namba juu ilisema kubwa, tundu lilikuwa la kipikipiki.

Nilikaa juu ya kreti la soda nikasikia aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nilimshuku muuza petroli, nikawashuku wenye maduka Nyamagana wote, nikamshuku Kulwa mpaka mikono yake, na mwongo alikuwa kwenye kopo langu.

Sitawadanganya kwamba nilikimbia kwenda kusema. Ile Jumamosi na Jumapili nilipiga hesabu ya shetani. Nikiweka jeti nyingine na kunyamaza, nani atajua? Pikipiki ingepona. Dereva mpya angeipanda na isingekamata tena, na watu wangesema mnaona, mwizi ameondoka na injini imetulia. Kupona kwake kungekuwa ushahidi mwingine juu ya Kulwa. Nikisema, mradi unaniacha, na banda langu lilikuwa linaishi kwa mradi ule. Nadhani kilichonishinda ni ile mikono. Nilipofumba macho nilikuwa naiona, ameinyoosha bila kubisha, na mimi nainusa kama mbwa.

Jumatatu mapema nikaenda ofisini kwa Daktari Bwire. Kulwa alikuwa tayari amekaa kwenye benchi la nje, amevaa shati la Jumapili. Nikaingia nikaeleza yote, jeti, risasi, uzi wa klachi, kopo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka kalamu.

"Kulwa amekupa nini?"

"Hajanipa kitu, Daktari."

"Alhamisi umeandika oili haikuwepo. Leo Jumatatu oili ipo. Mimi natibu ng'ombe, fundi, lakini mimi mwenyewe si ng'ombe."

Nikamwonyesha jeti. Akaiangalia, akaniambia anaona kipande cha shaba, na kipande kile ningeweza kukichezea mwenyewe jana. Ilikuwa kweli. Mimi mwenyewe nisingejiamini. Akakunja mikono.

"Hebu nione," akasema, na nina hakika alilitumia jina langu kwa makusudi.

Basi nikamwambia nitamwonyesha. Nikachukua pikipiki yangu, ile ya mnadani, nikafunga jeti ya risasi mbele yake, nikamwaga petroli yote iliyokuwemo. Yeye akatuma dereva wa gari akanunue petroli nyingine, na oili akaichanganya kwa mkono wake kwa kipimo cha mradi, akaijaza kwenye tangi, akafunga kifuniko. Wakapanda gari la mradi, Kulwa siti ya nyuma, wakanifuata.

Nilishika barabara ya Igoma kwenda Kisesa. Palipofunguka nikavuta mafuta yote. Mnajua mtu anavyoendesha chombo chake akijua anakwenda kukiua? Niliipenda pikipiki ile. Mwanzoni ilikwenda vizuri kuliko siku zote, jeti ndogo ina udanganyifu huo, injini inakuwa nyepesi na kali. Kisha sauti ikaanza kuwa nyembamba. Vidole viwili niliviweka juu ya klachi. Joto likanipanda magotini. Nikaomba ikamate, nikaomba isikamate, sijui niliomba lipi kwa nguvu zaidi. Ikakamata. Tairi la nyuma likapiga ukelele, nikabana klachi, tukaserereka mimi nayo hadi kwenye shamba la mihogo la watu.

Daktari Bwire alikuja akiruka matuta na viatu vyake vya ofisini. Kwanza aliniuliza kama nimeumia. Kisha akasema, "Fungua."

Nilifungua injini pale pale, chuma kikiniunguza vidole. Pistoni ilikuwa nyeupe. Chini, oili aliyoichanganya yeye mwenyewe ilikuwa imetuama, kama ile ya Alhamisi. Akatia kidole, akakisugua na kidole gumba, akanusa. Akageuka akamtazama Kulwa, aliyesimama kando ya barabara bila kusogea.

"Andika nyingine," akaniambia.

Niliandika juu ya boneti ya gari. Niliandika kwamba kosa ni la fundi, dereva hana kosa, oili ilikuwepo. Kulwa akabaki na kazi yake. Mradi nao haukuniacha, sijui kwa nini. Daktari alisema tu kwamba fundi aliyeua pikipiki yake mwenyewe hatarudia. Kopo lile nililimwaga lote, nikaanza kununua jeti za dukani, na kila moja naisoma kwenye plagi, barabarani, nimechuchumaa mbele za watu.

Sasa nimalizie hili. Kulwa nilikuwa nimemzidi kama miaka kumi. Tangu siku ya kwanza tulipojuana alikuwa akinisalimia shikamoo, akiwa ameshaizima pikipiki na kuvua kofia, nami nikiitikia marahaba bila hata kuinua kichwa kwenye kazi. Wiki ile ile baada ya yale, alileta pikipiki kufanyiwa huduma. Akazima, akavua kofia.

"Habari za kazi, fundi," akasema.

Niliinua kichwa safari hiyo. Nikangoja shikamoo, haikuja, nikajibu nzuri. Alikaa akanisubiri, akanishukuru, akaenda. Nilimtengenezea miaka mingi baada ya hapo, hakunivunjia adabu hata siku moja, na kila alipokuja ilikuwa habari za kazi.

Mwaka jana nilikutana naye kwenye kivuko cha Nansio. Ana mvi kunizidi. Alikuwa na binti yake, mwanamke mzima mwenye mtoto mgongoni. "Habari za siku nyingi, fundi," akanisalimia, tukashikana mikono vizuri. Binti, asiyenijua, akapiga goti kidogo na mzigo wake akaniambia shikamoo. Nikamwitikia marahaba, mwanangu, huku namwangalia baba yake. Yeye alikuwa anaangalia maji.